Meza za Kupozea

"Usiniite shemeji! Mimi na nyie basi tena!"

"Nikuite nani? Mheshimiwa? Dada yangu yuko jela mwaka wa pili kwa mdomo wako, na leo unakuja kudai mtoto niliyemlea mimi!"

"Mtoto ni wangu."

"Wako! Hujui hata anavaa viatu saizi gani."

Korido ya ghorofa ya kwanza ya Mahakama Kuu ilikuwa ndefu, na mwisho wake kulikuwa na dirisha moja kubwa lililoingiza mwanga wa asubuhi uliofifia, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Feni ya dari ilizunguka kwa uvivu. Watu waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa waligeuza vichwa kwa pamoja, taratibu, kama samaki ndani ya chupa. Kwenye benchi la mwisho, chini ya shuka, sweta na shali ya mama yake mdogo, mtoto mwenyewe anayegombewa alikuwa amelala fofofo.

Afande, mwanamke wa makamo, alisimama kando ya mlango wa chumba cha mashauri ya ndoa, akasikiliza. Polisi alishaacha zamani. Jina tu ndilo halikumwacha. Siku hizi alimfanyia upelelezi wakili mmoja kijana, na kazi ya leo ilikuwa dada wa huyu mwanamke anayepiga kelele.

Dada huyo alijulikana kwa jina la Mama Pasi. Alikuwa mpiga pasi mkuu katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli. Alifukuzwa kazi mchana, na kabla hakujapambazuka ghala la nguo safi likaungua. Mahakama ya chini ilimtia hatiani kwa kuchoma moto makusudi. Rufaa yake ilikuwa mchana wa leo, ghorofa ya pili.

Jengo moja lilikuwa na mafaili yake matatu. Juu, jinai. Hapa, ndoa: mume anataka talaka na mtoto. Mwisho wa korido, kazi: alikuwa amemshtaki mwajiri kwa kumfukuza bila haki. Majaji watatu, kila mmoja na faili lake, na hakuna aliyesoma la mwenzake. Jaji wa ndoa alikuwa ameshasema msimamo wake: anangoja matokeo ya rufaa. Mama akishindwa juu, mtoto anaondoka na baba leo leo.

"Ulilala naye kitanda kimoja," mdogo wa Mama Pasi aliendelea, "kisha ukamuuza."

"Kitanda kipi?" Mume aligeukia mabenchi, akitafuta wa kumuunga mkono. "Jamani, sikilizeni. Mimi nilishatoka nyumba ile hata huo moto haujatokea! Mwanamke alinishinda kwa maneno. Nimemwambia jaji humu ndani asubuhi hii hii, kwa kiapo. Ndoa ilishakufa kitambo."

"Ulitoka! Ulikimbilia kwa mama yako na mto kwapani!"

Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Mume akayapa mabenchi mgongo.

Afande hakucheka. Alimtazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyoanza kufukuta. Katika mahakama ya chini, mwanamume huyu huyu aliapa kwamba usiku wa moto aliamka, akapapasa upande wa mkewe, akakuta kitanda kimepoa. Hakuna shahidi mwingine aliyesema Mama Pasi alitoka nje ya nyumba usiku ule. Hukumu nzima ilisimama juu ya mkono huo uliopapasa.

"Samahani, bwana," alisema. "Huo mto uliurudisha lini?"

"Mto gani?"

"Uliotoka nao kwapani. Uliurudisha kabla ya moto au baada?"

"Hayakuhusu, mama."

"Baada," alidakia mdogo mtu. "Walipomkamata dada ndipo akarudi. Nyumba ilikuwa tupu, akajirudisha kama paka."

Mume alitazama ngazi, akatazama saa, akasema anatafuta chai. Afande alimwacha aende. Mtu mwenye kesi yake mwenyewe ndani ya jengo hawezi kwenda mbali.

"Mbona hukuniambia haya?" alimuuliza mdogo mtu.

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama dada anaweza kuchoma mali ya watu, nikakwambia hawezi." Alivuta shali ya mtoto juu zaidi. "Na dada mwenyewe si alisema kule mahakama ya chini? Alisema mumewe hakuwepo. Hakimu akasema mshtakiwa lazima ajitetee."

Wakili alitoka chumba cha pili na joho lake begani. Aliposikia, macho yalimng'aa.

"Basi ni yeye! Hakuwa nyumbani, amedanganya alipokuwa. Kachoma mwenyewe ili amsingizie mkewe."

"Pole pole, mwanangu. Kwanza tujue alilala wapi."

Afande alikwenda dirishani na simu. Namba ya mama mkwe aliipata kwa mdogo mtu, ambaye aliitoa kwa kukunja uso.

"Shikamoo mama. Naulizia usiku ule kiwanda kilipoungua. Mwanao alikuwa kwako?"

"Marahaba. Alikuwa kwangu, angekuwa wapi na jino lile?" Sauti ya bibi ilitoka taratibu, kana kwamba inatoka chini ya blanketi. "Shavu limevimba hivi. Alilia usiku kucha, mwanangu, majirani wakagonga kuuliza nani kafiwa. Nikamwekea kitambaa cha maji ya moto hadi adhana... hadi kunapambazuka. Kwani kafanya nini tena?"

"Hakufanya, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Wakili alishusha pumzi. "Basi si yeye."

"Si yeye. Na kama mke alikuwa kitandani kwake, si yeye pia. Sasa nani aliwasha?"

"Hapo jaji atakapouliza, tutasema nini?"

"Hapo ndipo ninapokwenda," alisema Afande, akachukua mkoba wake.

*

Kiwanda cha kufulia kilikuwa kimejengwa upya. Ndani, mvuke ulijaa kuanzia sakafuni hadi juu, na watu walitokea humo nusu nusu: mikono iliyobeba shuka, kisha kichwa, kisha hakuna kitu. Mashine zilinguruma kwa sauti moja ya chini inayoleta usingizi. Kila kitu kilikuwa cheupe.

Bosi alitoka kwenye weupe huo akitabasamu, mtu mnene, mkarimu, mwenye mikono laini.

"Karibu, Afande. Hatuna cha kuficha."

"Asante. Naomba kuona wanapodai Mama Pasi aliingilia."

Walikwenda mlango wa nyuma. Ulikuwa na komeo la zamani lililopinda, limefungwa kwa waya. Dirisha la pembeni halikuwa na nondo. Paka wa kiwandani aliingia na kutoka atakavyo.

"Ndio mlango ule ule?"

"Ule ule. Ukuta wa nyuma haukuungua."

"Na komeo?"

"Komeo zuri hilo, la chuma."

"Mlinzi wa usiku unaye?"

"Aje kulinda nini, mashuka?" Bosi alicheka. "Nani ataiba shuka lenye jina la hoteli?"

Afande aligusa waya kwa kidole, akaupiga picha kwa simu, akarudi ndani. Alitembea taratibu katikati ya ukumbi. Pale ndipo kulikuwa na kitu kipya. Meza ndefu za mbao, rangi yake bado ya kuni mbichi, zilijaza nusu ya jengo. Juu yake taulo zilitandazwa moja moja, hakuna iliyolalia nyingine, kama watu waliojinyoosha kulala mchana.

Alichukua moja akainusa. Ilinukia sabuni, na chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya mafuta.

"Hizi za wapi?"

"Nyumba za kukandia watu misuli," alijibu mama mmoja mkunjaji, mwembamba, waliyemwita Bi Mikunjo. Mikono yake haikusimama. "Mafuta yao hayatoki yote, hata ufue vipi."

"Na meza hizi?"

"Za kupozea."

"Bi Mikunjo," alisema Bosi, "kuna mashuka yanakungoja kule."

Bi Mikunjo alisogea hatua chache, akaendelea kukunja pale pale.

"Mama Pasi ulimfukuza kwa kosa gani?" Afande aliuliza. Alikuwa amefungua mlango wa mashine ya kukaushia. Joto lilimpiga usoni.

"Ukaidi. Hata jaji wa kazi nimemwambia. Msimamizi anasema taulo zikitoka zipangwe, yeye anazitandaza. Kwenye sakafu, kwenye viti, hadi kwenye meza yangu ya ofisi! Kazi inalala. Hoteli zinapiga simu. Ningefanya nini?"

"Ningekuwa wewe ningekasirika pia," Afande alisema. Alitoa taulo kwenye mashine, akaikunja, akaiweka juu ya kigoda. Akatoa nyingine akaiweka juu yake. Zilikuwa za moto kiasi kwamba alizibeba kwa ncha za vidole. "Alikutukana?"

"Hakutukana. Alinitazama tu, kama mimi ni mtoto. Unafanya nini hapo?"

"Nawasaidia. Mikono yangu haijui kukaa bure. Endelea, alikutazama."

"Alinitazama. Mbele ya wafanyakazi wote. Mtu wa hivyo ukimfukuza lazima..." Rundo lilikuwa limefika kifuani mwa Afande. "Lazima atafute kisasi. Ndivyo polisi walivyosema, na ndivyo..." Afande alichukua shuka, akalifunika rundo lote, akalibana pembeni kama mama anavyombana mtoto kitandani. Kisha akaliegemea. "Ndivyo mahakama ilivyoona. Afande, naomba usi..."

"Nisifanye nini?"

"Endelea, hamna kitu. Nilikuwa nasema..."

Alisogea hatua moja. Alilitazama rundo. Mashine zilinguruma. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akalipangusa, akatazama kando, akarudi kulitazama rundo. Mwishowe mikono yake laini ilitoka yenyewe, ikavuta shuka, ikaanza kuzitawanya taulo mezani, moja hapa, moja kule, haraka haraka, kama mtu anayezima kitu.

Bi Mikunjo aliacha kukunja.

"Mbona unazitandaza?" Afande aliuliza kwa upole.

"Ni... utaratibu wa kazi."

"Ni utaratibu wa Mama Pasi. Ndio uliomfukuzia." Alisogea karibu. "Bosi wangu, mtu aliyechomewa moto hununua kufuli. Anaweka nondo, anaajiri mlinzi, anafuga mbwa. Wewe umefunga mlango kwa waya, ukanunua meza."

Bosi aliiweka mezani taulo iliyobaki mkononi.

"Mchana ule alipotoka, nani alitandaza taulo?"

"Hakuna," alisema Bi Mikunjo. Alisema kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Tulizipanga zikiwa za moto, msimamizi akasema tuzifunike zisishike vumbi. Tukaenda nyumbani. Asubuhi mimi nilikuwa wa kwanza kuingia. Ukingoni mwa rundo kulikuwa na vipande bado vyeupe. Katikati ndiko kulikoliwa kabisa. Mtu akiwasha kiberiti anaanzia nje, si eti? Huu ulianzia tumboni. Mafuta yale yakifungiwa na joto huwaka yenyewe, bila kiberiti."

"Polisi hukuwaambia?"

"Waliniuliza nani aligombana na bosi. Nikawajibu walichouliza."

"Afande," Bosi alishusha sauti, "tuelewane. Bima walishalipa. Wakisikia kwamba moto ulitokana na sisi wenyewe, hapa kutafungwa. Watu wote hawa wana watoto."

"Na yeye anaye. Amelala kwenye benchi la mahakama sasa hivi."

Bi Mikunjo alifungua aproni, akaikunja kwa mazoea, pembe kwa pembe, akaiweka mezani.

"Ukitoka mlango huo usirudi," Bosi alimwambia.

"Haya. Ukinifukuza nitakukuta kwa jaji yule yule wa kazi aliko Mama Pasi. Njia nitaijua leo."

*

Mume alikuwa amekaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, kikombe cha chai mkononi, hakinyweki. Mwanga wa dirisha la juu ulimwangukia miguuni. Afande alikaa kando yake bila kuombwa. Bi Mikunjo alipita akipanda.

"Jino linaendeleaje?"

Chai ilimwagika.

"Nani kakwambia habari za jino?"

"Mama yako. Anasema ulilia hadi majirani wakadhani kuna msiba."

Mume aliweka kikombe chini. Kule juu mlango ulifunguliwa, ukafungwa, bila sauti.

"Polisi walikuja asubuhi mbele ya majirani zetu," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimepita kuchukua nguo. Wakauliza, wewe ndiye mwenye nyumba, ulilala hapa? Ningesema nini? Kwamba mimi, mwanamume mzima, niko kwa mama nawekewa kitambaa shavuni? Nikasema nililala hapa. Wakauliza, na mkeo alikuwepo? Sasa hilo sikulijua. Na alikuwa amenikera. Nikasema nilipapasa sikumkuta."

"Ukarudia mahakamani."

"Ukishasema polisi, utasemaje vingine mahakamani? Nilidhani watamwachia tu. Nilidhani ni siku chache."

"Hukumpelekea hata sabuni."

Mume alifuta chai kwenye suruali kwa kiganja.

"Sikiliza," Afande alisema. "Jaji wa ndoa ana kiapo chako cha asubuhi hii kwamba uliondoka kabla ya moto. Jaji wa rufaa ana kiapo chako kwamba ulikuwepo. Umezoea kila chumba na hadithi yake. Lakini jengo ni moja, bwana, na kati ya vyumba hivyo kuna ngazi hii tu uliyoikalia. Mimi naipanda sasa, na usiposema, tutaomba mama yako aitwe kesho kama shahidi. Atasimulia yote, kitambaa na kilio."

"Nikisema nitafungwa."

"Labda. Hilo ataamua jaji."

"Na mtoto je?"

"Mtoto ana mama."

Afande aliinuka, akapanda. Hakugeuka. Alipofika juu alisikia hatua nyuma yake, nzito, moja moja.

*

Chumba cha rufaa kilikuwa na dari ya juu sana, na sauti za watu zilipanda huko zikapotea. Jaji alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi. Mama Pasi alisimama kizimbani na pingu mikononi, amekonda, macho yake yakitazama mbali kidogo nyuma ya kila mtu, kama aliyezoea kuota akiwa wima.

Wakili aliomba kuleta ushahidi wa nyongeza.

"Kwa nini haukuletwa kule chini?" Jaji aliuliza.

"Mheshimiwa Jaji, mrufani hakuwa na wakili. Alisema mume hakuwepo, na hakuna aliyekwenda kuuliza."

Wakili wa serikali, mwanamke makini mwenye suti ya kijivu, alisema hana pingamizi kusikiliza.

Mume alipanda. Alisema yote, pamoja na jino. Hakuna aliyecheka safari hii. Alipofika kwenye kupapasa kitanda aliomba maji, akanywa, akaendelea. Mama Pasi alimtazama kwa mara ya kwanza. Uso wake haukuonyesha hasira. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu uliyewahi kukaa naye jirani.

Kisha Bi Mikunjo akaapa. Alieleza rundo la taulo za moto zenye mafuta, shuka la kufunikia, vipande vyeupe ukingoni na weusi wa katikati. Alieleza meza mpya, na mikono ya Bosi ilivyotandaza taulo bila kuambiwa. Wakili alimpa Jaji faili la shauri la kazi, akamwonyesha maneno ya Bosi mwenyewe juu ya sababu ya kumfukuza. Jaji alivaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "alifukuzwa kwa kufanya kile ambacho kingezuia moto. Moto ukatokea kwa sababu hakuwepo. Akafungwa kwa sababu uliwaka." Alimgeukia wakili wa serikali. "Upande wako unasemaje?"

Yule mwanamke alisimama. Alipanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Mheshimiwa Jaji, baada ya niliyoyasikia, siwezi kuunga mkono hukumu ile."

Jaji hakuandika kitu. Aliweka kalamu chini.

"Rufaa inakubaliwa. Hukumu ya mahakama ya chini naifuta. Sababu zangu nitaziandika kwa utulivu, lakini huyu mama hatazisubiri akiwa ndani. Ya ndoa na ya kazi yatasikilizwa na majaji wake, ambao leo watapata nakala ya haya. Shahidi wa kwanza asitoke ndani ya jengo hili. Askari, mfungue."

"Sasa hivi, Mheshimiwa?"

"Ulitaka lini?"

Askari alipapasa mfuko wa kushoto, akapapasa wa kulia, akapata ufunguo. Pingu zilifunguka. Askari alibaki nazo mkononi, akamtazama mume, akazitazama tena.

Mama Pasi alishuka ngazi polepole, Afande upande mmoja, Bi Mikunjo upande wa pili, hakuna aliyemshika. Mdogo wake aliwaona kutoka mbali, akaweka mikono mdomoni, lakini Mama Pasi alimpita kwanza. Alikwenda moja kwa moja hadi benchi la mwisho, chini ya dirisha. Akapiga magoti. Akaingiza mkono chini ya shuka, sweta na shali, akagusa shingo ya mtoto iliyolowa jasho.

"Mmemrundikia nguo zote hizi," alisema.

Akaondoa shali, akaitandaza kwenye benchi. Akaondoa sweta, akalitandaza kando yake. Akaondoa shuka. Mtoto alifumbua macho, akamtazama bila kushangaa, kama mtu aliyeendelea tu na ndoto yake, akanyoosha mikono abebwe.